Duka na Zizi: Biashara Ndogo za Wanawake wa Merti

Mji wa Merti, ulio kando ya mto Ewaso Ng'iro katika kaunti ya Isiolo, kaskazini mwa Kenya, hujulikana zaidi kwa mifugo yake kuliko kwa maduka yake. Sensa ya mwaka 2019 ilihesabu watu 47,206 katika kaunti ndogo ya Merti, kati ya wakazi 268,002 wa kaunti nzima, na wengi wao ni Waborana wa Waso, yaani tawi la Waborana waliokaa kandokando ya mto huo, ambao kwa vizazi vingi wameishi kwa ng'ombe, ngamia, mbuzi na kondoo. Hata hivyo, anayetaka kufahamu jinsi kaya za Merti zinavyopata mlo katika mwezi usio na mvua hana budi kuangalia nje ya zizi pia, kwa kuwa sehemu isiyo ndogo ya sukari, unga, majani ya chai na mafuta ya kupikia yanayofika jikoni hupitia mikononi mwa wanawake wenye vioski, hoteli ndogo za chai na maduka ya chumba kimoja. Kwamba wanawake hao wanafanya kazi, na kazi nyingi, hilo halina ubishi. Linalobishaniwa ni iwapo biashara zao zinaitoa kaya katika umaskini au zinauzuia tu usizidi. Hoja inayotetewa hapa ni kwamba duka la mwanamke wa Merti halieleweki likitenganishwa na zizi, na kwamba mipango mingi ya maendeleo imekosea pale ilipolihesabu duka hilo kuwa mlango wa kutokea katika ufugaji.

Kwanza ni vyema kujua umaskini hupimwaje. Shirika la Kitaifa la Takwimu la Kenya, katika utafiti wake wa bajeti za kaya wa mwaka 2015/16, liliweka mstari wa umaskini vijijini kuwa shilingi 3,252 kwa mtu mzima kwa mwezi, likihesabu chakula na mahitaji mengine ya lazima. Kwa kipimo hicho, Wakenya 36 hivi katika kila 100 walikuwa chini ya mstari, ilhali katika kaunti ya Isiolo waliokuwa chini ya mstari walizidi kidogo nusu ya wakazi. Kipimo hiki kina manufaa yake, lakini huona kile kinacholiwa na kutumiwa mwezi huu, na hakioni vizuri kile kitakachokuwapo mwezi ujao. Kaya mbili zinaweza kunywa chai ileile asubuhi na kula ugali uleule jioni, moja ikiwa na mbuzi 60 malishoni na nyingine ikiwa haina hata mmoja, na kipimo kikaziweka mahali pamoja.

Wachumi waliochunguza Waborana wa kusini mwa Ethiopia, ambao ni ndugu wa damu na wa lugha wa watu wa Merti, walieleza jambo hili kwa namna iliyo karibu zaidi na maisha ya mfugaji. Katika makala yao ya mwaka 2004, Travis Lybbert, Christopher Barrett na wenzao walionyesha kwamba kaya yenye ng'ombe wa kutosha huweza kuhamahama kufuata malisho na hivyo kundi lake hujirudishia idadi yake baada ya ukame, bali kaya iliyoshuka chini ya kiwango fulani, ambacho wao walikikadiria kuwa kati ya ng'ombe 10 na 15, hulazimika kukaa karibu na mji, mifugo yake ikala nyasi zilizokwisha kukanyagwa, na kundi likaendelea kupungua hata katika miaka ya mvua. Hali hiyo ndiyo inayoitwa mtego wa umaskini, yaani umaskini unaojizaa wenyewe bila kuhitaji msiba mpya. Mama anayeuza nusu kilo ya sukari mjini Merti, mara nyingi sana, ni mtu aliyeshukia upande huo wa mtego au anayejitahidi kaya yake isishukie.

Kushuka huko kuna historia, na historia yenyewe haikuanza na ukame. Kati ya mwaka 1963 na 1967 palikuwa na vita vilivyokuja kuitwa vita vya Shifta, pale sehemu ya wakazi wa iliyokuwa Wilaya ya Mpaka wa Kaskazini walipotaka kuungana na Somalia, na serikali changa ya Kenya ikajibu kwa sheria za dharura. Waborana wa Waso walikusanywa katika kambi za Merti, Garba Tulla na Modogashe, wakazuiwa kufuata malisho, na mifugo yao ikafa kwa njaa na maradhi ndani ya maeneo yaliyobanwa, mbali na ile iliyochukuliwa au kupigwa risasi. Waborana wenyewe huuita wakati huo Gaafa Daaba, maana yake ikiwa wakati wa kusimama, kwa kuwa maisha ya watu wanaotembea yalisimamishwa. Gudrun Dahl, mwanaanthropolojia kutoka Sweden aliyeandika kitabu kuhusu Waborana wa Waso mwaka 1979, na Richard Hogg aliyefuata katika miaka ya 1980, wameeleza jinsi jamii iliyokuwa na utajiri wa mifugo ilivyotoka katika vita hivyo ikitegemea chakula cha msaada na miradi ya umwagiliaji kando ya mto, ikiwemo ya Merti yenyewe. Miradi hiyo ilitaka pampu, mafuta na mto usiokauka, na mara nyingi vitu hivyo vitatu havikupatikana kwa pamoja.

Biashara ndogo za wanawake katika miji ya Waso zilikua katika mazingira hayo. Hazikuzaliwa na tamaa ya utajiri wala na semina ya ujasiriamali. Zilikuwa kiraka katika kitambaa kilichotoboka, kwa mke na mjane ambaye maziwa yalimkauka akaanza kuuza kuni, maji, chai na vyakula vya kupimwa. Jambo hili linafaa kukumbukwa kila inaposemwa kwamba wanawake wa wafugaji wanapaswa kufundishwa biashara, kana kwamba miaka 60 ya kuishi kwa biashara haikuwafundisha kitu.

Tena hata kabla ya hapo mwanamke wa Kiborana hakuwa mtu asiye na mali. Katika desturi ya kale, kundi ni la mume na ukoo wake, lakini nyumba ni ya mke, aliyeijenga kwa fito na mikeka kwa mikono yake, na maziwa yakishaingia ndani ya nyumba hiyo ni yeye anayeyagawa: ya watoto, ya mgeni, ya kugandisha, ya kusukwasukwa yatoe samli. Samli hiyo ndiyo inayokaangiwa buni, yaani kahawa nzima pamoja na maganda yake, katika ile heshima ambayo Waborana hawaachi kuitimiza kwenye harusi, jando na dua. Palikuwa pia na desturi mbili za kusaidiana ambazo mwanauchumi wa leo angeziita bima. Ya kwanza ni dabare, ambapo mwenye mifugo humkopesha jamaa aliyepungukiwa mnyama wa kukamua, akanywa maziwa yake huku mnyama na ndama wake wakibaki wa mwenyewe. Ya pili ni busa gonofa, ambapo ukoo huchangia mifugo ili kumwinua aliyefilisika. Desturi hizo hazijafa, lakini zinategemea kuwapo kwa mtu mwenye ziada, na ukame unaopiga ukoo mzima hauachi mwenye ziada. Hapo ndipo duka lilipoingia kushika nafasi ambayo zamani ilishikwa na jamaa.

Duka lenyewe, likitazamwa kwa karibu, ni chombo chepesi chenye hesabu nzito. Ichukuliwe kwa mfano kwamba mwanamke amenunua mfuko wa sukari wa kilo 50 kwa shilingi 8,000, nauli ikiwa ndani yake, akaupima kwa robo robo na kufunga katika pakiti 200, kila moja akiuza shilingi 45. Zikiuzwa zote taslimu atapata shilingi 9,000, faida yake ikiwa 1,000. Lakini wateja wake ni wafugaji, na mfugaji hapokei mshahara; hupata fedha siku anapouza mnyama, na kabla ya siku hiyo huchukua sukari na majani ya chai kwa deni linaloandikwa katika daftari. Pakiti 40 tu zikiingia daftarini, fedha taslimu mkononi ni shilingi 7,200, na mfuko unaofuata haununuliki. Kwa hiyo mwenye duka hana hasara hata kidogo katika vitabu, ana faida, na bado rafu yake iko tupu. Kumnyima mteja deni ni rahisi kushauri darasani, lakini mteja huyo ni mke wa ndugu wa mume, au ni yule ambaye mwaka mwingine atakuwa na maziwa, na anayefunga daftari lake hufunga pia mlango ambao siku moja ataubisha yeye.

Daftari si uzi pekee unaolifunga duka kwenye zizi. Merti iko mbali na barabara kuu ya lami iendayo Moyale, na njia ya kutoka Isiolo hadi huko ni ya vumbi wakati wa kiangazi na ya tope wakati wa mvua. Malori yanayobeba mbuzi na kondoo kutoka soko la Merti kwenda Nairobi, ambako wengi wao huishia machinjioni Kiamaiko, ndiyo yanayorudi yamebeba unga, mchele, sukari, sabuni na mafuta. Mnyama akikosekana sokoni, lori halina cha kupeleka, na lisilopeleka halina sababu ya kurudi ila kwa nauli ya juu. Katika mwezi huohuo ambao mteja hana fedha, basi, bei ya bidhaa hupanda, na mwenye duka hupigwa na mkono wa kushoto kabla hajageuka kuukwepa wa kulia.

Ukame wa mwaka 2020 hadi 2023 ulionyesha mambo haya bila kificho. Misimu mitano ya mvua ilipita mfululizo bila mvua ya kutosha, jambo ambalo halikuwa limeonekana kwa miongo kadhaa katika Pembe ya Afrika, na katika kaunti kame za Kenya mifugo zaidi ya milioni mbili ilikufa kabla ya mvua za masika za mwaka 2023 kurudi. Mvua za El Niño za mwishoni mwa mwaka huo zikaja nazo mafuriko. Biashara inayouza chakula kwa wafugaji haiwezi kupita katikati ya miaka kama hiyo ikiwa nzima, na ndiyo maana ahadi ya kwamba duka litampa mwanamke kipato kisichoguswa na ukame si ya kweli katika mji ambao kila mteja anaguswa na ukame. Lililo kweli, na ni kubwa kuliko linavyosikika, ni kwamba duka hununua muda. Kaya yenye shilingi 300 za kila siku haihitaji kumtoa mbuzi jike sokoni katika mwezi ambao bei yake imeanguka kwa sababu kila mtu anauza. Inaweza kusubiri, na mbuzi jike aliyesubiriwa hadi mvua ndiye anayezaa. Kwa lugha ya wale wachumi waliowachunguza Waborana, duka huizuia kaya isivuke kile kiwango cha mifugo kwenda chini. Takwimu za umaskini haziwezi kuliona tendo hilo, kwa sababu ni msiba ambao haukutokea.

Basi mtaji wa kuanzia hutoka wapi? Jibu la kwanza, na la zamani, ni wanawake wenyewe kwa wenyewe. Chama cha mzunguko, ambacho Watanzania hukiita upatu na Wasomali huita ayuto, hukusanya kiasi kilekile kutoka kwa kila mwanachama na kumpa mmoja wao kwa zamu. Uzuri wake ni kwamba hakina deni wala riba. Udhaifu wake ni kwamba zamu haijui shida, na mtoto anaweza kuugua mwezi ambao si wa mama yake. Hatua iliyofuata ni kikundi cha kuweka na kukopa, mfumo ambao shirika la CARE liliuanzisha nchini Niger mwaka 1991 na ambao ulifika Zanzibar mwanzoni mwa miaka ya 2000 kabla ya kuenea Tanzania bara, hadi neno VICOBA likawa la kila kijiji. Katika kikundi hicho kila mwanachama hununua hisa kila wiki, fedha hukaa katika sanduku la chuma lenye kufuli tatu ambazo funguo zake hushikwa na watu watatu tofauti, na sanduku halifunguliwi ila mbele ya wote, ambapo fedha huhesabiwa kwa sauti na jumla hukaririwa ili hata asiyejua kusoma aibebe kichwani hadi mkutano ujao. Mwisho wa mwaka akiba na faida hugawanywa kwa kadiri ya hisa.

Mfumo huo, ukifika katika jamii ya Waislamu kama ya Merti, hugonga mwamba mmoja, nao ni riba. Kikundi cha kawaida hutoza ada kwa kila mkopo, na ada hiyo ndiyo faida inayogawanywa. Mwanamke wa Merti mwenye kushika dini huiona kuwa riba kwa jina jingine. Hazina za serikali zimekutana na pingamizi hilohilo. Hazina ya Biashara ya Wanawake iliyoundwa mwaka 2007 na Hazina ya Uwezo iliyozinduliwa mwaka 2013 zilianza kwa kukopesha vikundi bila riba, zikitoza ada ya usimamizi tu, lakini ada inayohesabiwa kwa asilimia ya mkopo haimtulizi kila mtu moyo, na Hazina ya Hustler iliyoanzishwa mwishoni mwa mwaka 2022 hutoza riba ya asilimia 8 kwa mwaka waziwazi. Njia zinazokubalika zipo na hazihitaji ufundi wa ajabu. Mojawapo ni murabaha, ambapo mwenye fedha hamkopeshi mfanyabiashara shilingi bali hununua bidhaa zenyewe, akamuuzia kwa bei ya juu kidogo inayojulikana tangu mwanzo na kulipwa kwa awamu. Nyingine ni kardhi hasana, mkopo mwema unaorudi ulivyotoka, ambao kikundi kinaweza kuuendesha kwa akiba yake na kupata faida kwa kununua mifuko ya bidhaa kwa pamoja badala ya kutozana ada. Benki zinazofuata sharia zimekuwapo Kenya tangu mwaka 2008, lakini zilijengwa kwa ajili ya watu wenye hati na akaunti, na mwenye kioski hana hati, kwani ardhi ya Merti ni ya jamii nzima. Sheria ya mwaka 2017 kuhusu dhamana ya mali zinazohamishika imeruhusu hata mifugo kuwekwa rehani, ila mwanamke anayetaka kuitumia sheria hiyo hukumbana kwanza na swali la kale: mnyama huyu ni wa nani?

Kuhusu mikopo kwa jumla, dunia imejifunza kupunguza maneno. Muhammad Yunus na benki yake ya Grameen ya Bangladesh walipotunukiwa Nobel ya Amani mwaka 2006, wengi waliamini kwamba mkopo mdogo ungeufuta umaskini. Tafiti sita zilizochapishwa pamoja mwaka 2015, zilizofanywa katika nchi zikiwemo Ethiopia, Morocco na India, zilikuta kwamba mikopo hiyo husaidia baadhi ya biashara kupanuka lakini kwa wastani haibadilishi maisha ya mkopaji. Kilichoonekana kufanya kazi zaidi kwa watu maskini kabisa ni mpango wa mambo mengi kwa pamoja, ambao shirika la BRAC, la huko huko Bangladesh, lilianza kuutumia mwaka 2002: kaya hupewa mali ya kuanzia isiyorudishwa, chakula au fedha kidogo za kujikimu ili isile mtaji, mafunzo, mahali pa kuweka akiba, na mtu wa kuitembelea mara kwa mara kwa takriban miaka miwili. Utafiti wa nchi sita uliochapishwa mwaka 2015 ukihusisha kaya zaidi ya 10,000 ulikuta kwamba nafuu ilibaki hata mwaka mmoja baada ya mpango kwisha. Kaskazini mwa Kenya, shirika la BOMA, lililoanzia Marsabit, limeugeuza mpango huo ulingane na mazingira kwa kuwaunganisha wanawake watatu watatu katika biashara moja yenye ruzuku ya kuanzia, ili mmoja akiwa amehamia malishoni au amejifungua wengine wawili waendelee kufungua duka. Hesabu ya watu watatu ni wazo la busara kuliko inavyodhaniwa, kwa kuwa katika maisha ya kuhamahama biashara ya mtu mmoja hufungwa kila mtu huyo anapohama.

Simu ya mkononi nayo imefanya kazi yake kimyakimya. Tavneet Suri na William Jack, katika utafiti wao wa mwaka 2016, walikadiria kwamba huduma ya M-Pesa, iliyoanza mwaka 2007, ilizitoa kaya 194,000 za Kenya katika umaskini uliokithiri, na kwamba wanawake wapatao 185,000 waliacha kutegemea kilimo wakashika biashara. Kwa mwenye duka wa Merti faida ni ya wazi: fedha za bidhaa humfikia muuzaji wa jumla Isiolo bila kusafiri juu ya lori, na mteja aliye malishoni hulipa deni kwa fedha za mtoto wake aliye Nairobi.

Lililo gumu zaidi ni kupata bidhaa ambayo mnunuzi wake haishi Merti, kwa kuwa duka lolote linalouza kwa majirani tu linagawana umaskini wao. Mfano wa karibu uko mjini Isiolo, ambako wanawake wa ushirika wa Anolei hukusanya maziwa ya ngamia kutoka kwa wafugaji, wakayapima, wakayapoza na kuyapakia katika mabasi ya kwenda Eastleigh, Nairobi, ambako Wasomali wa mjini huyanywa kila siku. Ngamia hukamuliwa hata katika kiangazi ambacho ng'ombe amekauka, kwa hiyo biashara hiyo hustahimili pale nyingine zinapoanguka. Tofauti ya Isiolo na Merti ni lami na baridi. Mji wa Isiolo uko kwenye barabara kuu, ilhali Merti imekuwa miongoni mwa vituo vya Kenya ambavyo havikufikiwa na gridi ya taifa, umeme wake ukitoka katika kituo cha dizeli cha papo hapo, na maziwa hayasubiri siku nzima ya vumbi bila jokofu. Zinazofaa zaidi kwa umbali huo ni bidhaa zisizoharibika. Nyama iliyokatwa vipande vidogo, ikakaushwa na kukaangwa katika mafuta ikawa nyirinyiri, hukaa miezi; nayo ni kazi ambayo wanawake wa Kiborana wameijua tangu zamani na ambayo ina wanunuzi Nairobi na Mombasa. Vivyo hivyo kwa manemane, ubani na gundi za miti ya nyika, ambazo wanawake na wachungaji huokota katika kiangazi, na ambazo mwisho wake ni viwanda vya manukato na dawa ng'ambo. Tatizo la biashara ya gundi ni kwamba mwokotaji huuza kwa kilo asiyoijua thamani yake kwa mnunuzi anayeijua. Ghala la pamoja na mizani ya kikundi vingemfaa kuliko semina kumi.

Inabaki habari ya nani hasa anayetumia faida. Huko Sri Lanka, watafiti walipowapa wafanyabiashara wadogo ruzuku ya fedha katika miaka ya 2000, biashara za wanaume ziliongeza faida na za wanawake hazikuongeza, na kwa miaka kadhaa jambo hilo likasomwa kana kwamba wanawake hawajui kuzalisha. Uchambuzi mpya uliochapishwa mwaka 2019, ukitumia pia takwimu za India na Ghana, uligundua kwamba fedha nyingi za wanawake zilikuwa zimeingizwa katika biashara ya mume, na kwamba mwanamke ambaye biashara yake ilikuwa ndiyo pekee nyumbani alizalisha vizuri kama mwanamume. Anayejua Merti hatashangaa. Huko pia nyumba ina shughuli mbili, na shughuli ya pili ina pembe na kwato. Mvua zinaponyesha, madeni ya daftari yakalipwa na mwenye duka akawa na ziada, kitu anachokinunua mara nyingi ni mbuzi jike mmoja au wawili, na huo si upumbavu wa kibiashara, kwa kuwa mbuzi huzaa na sukari haizai.

Mbuzi huyo huingia katika kundi pamoja na wengine, akachungwa na watoto wa nyumba hiyo na kunyweshwa katika zamu ya kisima cha mume. Maziwa yake, yakishaingia ndani, ni ya mke kwa desturi isiyopingwa. Lakini siku ya kuuza, anayesimama sokoni na mbuzi huyo ni mwanamume, na fedha hupokewa kwa mkono wake. Baadhi ya wanawake huwaandikisha mbuzi wao kwa jina la mtoto, wengine huwaacha kwa kaka zao, na wengine hutunza hesabu ya vichwa vyao katika kurasa za nyuma za daftari lilelile la madeni.